Haibridi Mombasa: foleni inalipa, joto linadai

"Hili halinywi mafuta, linanusa tu." Ukiingia yadi ya magari Mombasa ukiulizia Toyota Aqua au Fielder ya haibridi, yaani yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, utaambiwa hivyo kabla hujafunguliwa mlango. Dalali hasemi uongo. Anachokiacha ni kwamba kunusa kwenyewe kunategemea gari linaendeshwa wapi, na kwamba pesa unazookoa kwenye kituo cha mafuta zina wadai wengine wanaozisubiri: ushuru, betri na fundi. Kwa maoni yangu, haibridi Mombasa ni biashara nzuri kwa mtu anayekula foleni kila siku ya kazi, na ni mzigo kwa anayelitoa gari Ijumaa na Jumapili. Tena joto la Pwani, ambalo ndilo linaloipa haibridi nafasi ya kuokoa mafuta, ndilo hilo hilo linaloila betri yake.

Namba za kwenye karatasi zitatupotezea muda, basi tuzimalize mapema. Aqua ya 2018 iliandikiwa Japani kilomita 34.4 kwa lita, na daraja la chini kabisa likaandikiwa 38. Nissan Note e-Power ya daraja la S iliandikiwa 37.2. Vipimo hivyo vilichukuliwa maabara, gari likizunguka juu ya rola na kiyoyozi kimezimwa. Hapa kwetu hakuna anayepanda gari mwezi wa Februari akaacha kiyoyozi. Ukipata kilomita 18 hadi 22 kwa lita ndani ya mji, gari lako ni zima. Gari la petroli tupu la injini ya CC 1500, kwa njia hizo hizo, litakupa 11 hadi 13. Tofauti hiyo ndiyo mali unayonunua.

Inatoka wapi? Sehemu kubwa inatoka kwenye kusimama. Gari la kawaida likisimama huku kiyoyozi kikiwaka, injini huunguza karibu lita moja kwa saa bila kusogea hatua. Dakika arubaini za kungoja feri Likoni ni zaidi ya nusu lita, karibu shilingi 120 zilizopanda hewani. Kwenye haibridi, kompresa ya kiyoyozi haizungushwi na mkanda wa injini, ina mota yake ya umeme. Injini hujizima, ubaridi ukaendelea.

Lakini usitie chumvi. Betri ya Aqua ni ya volti 144 na ampea-saa 6.5, yaani haifiki hata kilowati-saa moja, na kompyuta ya gari huitumia katikati tu, takriban kati ya asilimia 40 na 80. Unachoweza kutumia ni kama kilowati-saa 0.4. Kiyoyozi cha saa saba mchana, na kabini imetoka juani, kinaweza kuvuta kilowati moja na zaidi. Kwa hiyo kila baada ya dakika chache injini itawaka ichaji kidogo, kisha izime tena. Anayekwambia haibridi inakaa foleni bila kuunguza chochote hajawahi kuingojea feri mchana. Hata hivyo, inapowaka inafanya kazi ya maana, kwa mzigo unaoifaa, tofauti na ile ya kawaida inayonguruma bure.

Hapa pana kosa linalofanywa na madereva wengi waliozoea magari ya zamani. Kwenye foleni mtu anaweka N, anavuta breki ya mkono, anafungua simu. Kwenye haibridi za Toyota, gari likiwa N betri haichajiwi hata injini ikiwa inazunguka. Kiyoyozi kinaendelea kunyonya, betri inashuka chini ya kiwango chake, na gari likifikia kikomo hulalamika kwenye dashibodi. Ukisimama kwa muda mfupi, bakia D na ukanyage breki; ukisimama sana, weka P. N ni ya kuvutwa na kusukumwa tu.

Sehemu ya pili ya akiba hutoka kwenye breki. Ukiondoa mguu kwenye mafuta au ukikanyaga breki polepole, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Njia ya kusimama na kuondoka, kama kutoka Mtwapa hadi Mwembe Tayari kupitia Bamburi na daraja la Nyali asubuhi, inalipa mara mia kwa siku. Ukikanyaga breki ghafla, breki za kawaida ndizo zinazofanya kazi kubwa na nguvu ile inaishia kuwa joto la diski. Dereva mwenye pupa huigeuza haibridi ikawa gari la kawaida la bei ghali.

Sasa tupige hesabu. EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, na Mombasa huwa chini ya Nairobi kwa takriban shilingi tatu kwa lita kwa kuwa shehena hushukia hapa. Tutumie shilingi 180 ili hesabu iwe nyepesi. Tuchukue gari la kawaida linalokwenda kilomita 12 kwa lita na haibridi inayokwenda 20. Tuseme haibridi imekugharimu laki mbili na nusu zaidi ya ndugu yake wa petroli tupu wa mwaka uo huo, na tutenge laki moja na nusu ya betri, kwa sababu asiyeitenga ataikopa. Jumla ni laki nne za kurudisha. Ukiwa na namba zako mwenyewe, ziweke mahali pa hizi.

Dereva wa teksi za mtandaoni anayekwenda kilomita 150 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, anafikisha kilomita 46,800 kwa mwaka. Gari la kawaida litamla shilingi 702,000 za mafuta, haibridi 421,200. Tofauti ni 280,800. Laki zake nne zinarudi kwa miezi kumi na saba, na baada ya hapo kila mwezi una zaidi ya shilingi elfu ishirini na tatu ambazo mwenzake hana. Kwa mtu huyu sioni hoja ya kununua gari la petroli tupu, ila kama hana mtaji.

Mfanyakazi wa Shimanzi anayeishi Bamburi, anayefika kilomita 1,000 kwa mwezi pamoja na mizunguko ya wikendi, anaokoa shilingi 72,000 kwa mwaka. Laki nne zinarudi baada ya miaka mitano na nusu. Hapo ndipo pagumu, maana gari lililoingia likiwa na miaka saba litakuwa na zaidi ya kumi na miwili wakati pesa inarudi. Anaweza kufaidika, anaweza kula hasara. Itategemea betri aliyoikuta na jinsi alivyoitunza. Na mtu wa kilomita 500 kwa mwezi anahitaji miaka kumi na moja. Asijisumbue. Anunue gari rahisi la petroli lenye gia boksi zima, tofauti aifanyie jambo jingine.

Kuna kundi ambalo hesabu zake zimebadilika bila wao kugundua: watu wa Likoni, Ng'ombeni, Tiwi na Diani. Tangu njia ya Dongo Kundu ifunguliwe, wengi wameacha feri wanazunguka kupitia Mwache. Kilomita zimeongezeka lakini foleni imepungua, na mwendo umekuwa wa barabara kuu. Kwenye mwendo wa kilomita 80 hadi 100 kwa saa bila kusimama, haibridi haina cha kurudisha wala cha kuzima. Chukua safari ya Nairobi, kilomita 480 hivi: gari la kawaida likienda 17 kwa lita na haibridi 21, utaokoa lita tano na kitu, chini ya shilingi elfu moja kwa safari nzima. Isitoshe njia ile inapanda kutoka usawa wa bahari hadi mita zaidi ya 1,600. Kuanzia Mazeras betri inakwisha nguvu zake za akiba mapema tu na injini ndogo inabaki kubeba mzigo peke yake. Mtu ambaye kazi yake ni Mombasa–Voi–Nairobi asishawishiwe na hadithi za mjini.

Kwenye ushuru, watu wengi hudhani haibridi ina nafuu kwa vile ina umeme ndani yake. Haina. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 ni wa gari la umeme mtupu. Haibridi hukatwa kwa ukubwa wa injini kama gari lolote: asilimia 20 kwa injini isiyozidi CC 1500 na 25 ikizidi hapo. Juu yake kuna ushuru wa forodha wa asilimia 35, VAT ya 16, ada ya tamko la uagizaji ya 2.5 na tozo ya reli ya 2. Kwa kuwa moja hutozwa juu ya nyingine, gari la CC 1500 hulipiwa kodi ya takriban asilimia 92 ya thamani ya forodha, na la CC 1800 huvuka kidogo asilimia 100. Ndiyo maana Prius ya CC 1800 inaumiza mfuko kuliko Aqua na Fielder ambazo zimekaa CC 1496 kwa makusudi. Kumbuka pia kwamba thamani hiyo ya forodha haitoki kwenye risiti yako ya Japani. KRA, mamlaka ya mapato, huanzia kwenye orodha yake ya bei, ile CRSP, kisha hupunguza kwa umri wa gari. Toleo la haibridi mara nyingi lina bei kubwa kwenye orodha hiyo kuliko toleo la petroli, kwa hiyo ile tofauti ya bei unayoiona yadi imeshazidishwa na kodi.

Tuje kwenye betri, maana hapo ndipo watu wanapolia.

KEBS, shirika la viwango, hairuhusu gari lenye zaidi ya miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa sababu ya bei, wengi huagiza lililokaribia mpaka huo. Nchini Marekani, Toyota yenyewe iliipa betri ya haibridi dhamana ya miaka 8 au maili 100,000, hadi ilipoiongeza kuwa miaka 10 au maili 150,000 kwa magari ya modeli ya 2020. Utaona basi kwamba umri ambao mtengenezaji alikubali kuapia betri yake ndio umri ambao gari linashushwa Kilindini. Haina maana kwamba betri hufa siku ya kuzaliwa kwake ya nane. Nyingi huishi miaka kumi na zaidi. Ina maana kwamba kuanzia hapo, dhamana ni wewe.

Na betri hiyo inakuja kuishi mahali pabaya. Betri za Aqua na Fielder ni za nikeli, na nikeli huchoka kwa joto. Nairobi mchana wa kawaida ni nyuzi 25 hivi. Mombasa mwezi wa Machi ni 32 au 33, na usiku hakushuki sana chini ya 24, kwa hiyo betri haipati hata pumziko la usiku. Gari lililofungwa juani huko Buxton linapanda ndani hadi joto la tanuri. Ushauri wa Nairobi kuhusu uhai wa betri ukifika huku upunguze.

Hapo ndipo jambo moja linapowachanganya watu. Betri hupozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya kabini. Kwenye Aqua na Fielder betri iko chini ya kiti cha nyuma na tundu la hewa liko hapo hapo. Kwenye Prius ya kizazi cha tatu tundu liko pembeni ya kiti. Maana yake, kiyoyozi unachojiwashia wewe ndicho kinachoipoza betri. Dereva anayezima kiyoyozi na kufunga vioo ili aokoe mafuta anaipikia betri hewa ya nyuzi 40. Anaokoa mia mbili kwa wiki, analipa laki baada ya miaka miwili. Ukiingia gari lililotoka juani, teremsha vioo vyote dakika mbili joto litoke, funga, washa kiyoyozi, ndipo uondoke kwa upole.

Tundu hilo lenyewe ndilo chanzo cha vifo vingi vya betri vinavyoweza kuzuiwa. Kwenye teksi linazibwa na mkoba, leso, mfuko wa ununuzi wa Kongowea, au mguu wa abiria wa tatu. Ndani yake kunaingia vumbi, nywele, manyoya ya zulia na mchanga wa ufukweni, ambavyo hunasa kwenye mabapa ya feni hadi feni inazunguka bila kuvuta. Kwa gari la mjini, ondoa kifuniko kila kilomita 10,000 na uvute uchafu kwa mashine ya kufyonza vumbi. Kama kuna kichujio, kioshwe na kikauke kabisa. Kila kilomita 40,000 hivi kiti kitolewe na feni yenyewe isafishwe kwa brashi. Kazi hiyo haichukui asubuhi nzima. Ukisikia mvumo nyuma ya kiti siku ambayo si ya joto kali, usingoje zamu.

Chumvi nayo ina zamu yake. Moduli za betri, yaani visanduku vidogo vinavyoiunda, huunganishwa kwa vipande vya shaba, na hewa ya bahari huvifanya viote ukungu wa kijani. Ukungu huo huongeza ukinzani, nyaya za kupimia hutoa namba za uongo, na kompyuta hutangaza betri mbovu hali moduli zenyewe ni nzima. Fundi anayejua atavitoa, avisafishe mpaka shaba ing'ae, na akaze nati kwa rinchi ya kupimia, Nm 5.4 tu, ukizidisha unang'oa uzi ndani ya plastiki ya moduli. Gari linalolala Nyali au Shanzu karibu na maji linastahili ukaguzi huu mapema kuliko la Mikindani.

Betri ikianza kufa kweli, dalili ni hizi: mistari ya chaji kwenye dashibodi inaruka kutoka juu hadi chini kwa dakika moja, injini inawaka mara kwa mara hata gari likisimama, feni inavuma, na matumizi yanarudi kilomita 14 kwa lita. Mwishowe taa zinawaka na mashine ya skani inasoma msimbo wa betri mbovu, P0A80. Hapo utakutana na aina mbili za mafundi. Wa kwanza atapima moduli zote 20, kila moja ya volti 7.2, atoe iliyolala, aweke nyingine kutoka gari lililogongwa, afute taa na uondoke baada ya saa mbili. Itadumu wiki kadhaa au miezi michache. Sababu ni rahisi: moduli zimefungwa kwa mfululizo, umeme ule ule unapita zote, na iliyo dhaifu kuliko wenzake hujaa mapema na kuisha mapema. Umeondoa ya kwanza, ya pili ndiyo dhaifu sasa.

Wa pili atataka gari abaki nalo siku tatu au nne. Atachaji na kuteremsha kila moduli mara tatu, aandike uwezo wa kila moja, azipange zinazolingana, zenye nguvu aziweke katikati ambako joto ni kubwa, asafishe vipande vya shaba, ndipo afunge. Hiyo ni kazi ya heshima na inaweza kukupa mwaka au zaidi. Lakini kwa gari la teksi, nadhani betri yenye seli mpya ndiyo rahisi ukiigawa kwa kilomita. Omba dhamana iliyoandikwa, na uulize kama inalihusu gari la biashara, maana nyingi hulitoa.

Yeyote atakayeifungua, afanye haya: azime gari na kuweka ufunguo mbali, atoe waya wa hasi wa betri ya volti 12, achomoe plagi ya usalama ya rangi ya chungwa, aiweke mfukoni mwake, kisha angoje dakika kumi ili kapasita za inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kwa ajili ya mota, ziishiwe chaji. Inveta ya Aqua hupandisha umeme hadi volti 520. Glavu ziwe za volti 1000 na zisiwe na tundu. Hupimwa kwa kujazwa hewa. Gereji isiyo na glavu hizo iachiwe kazi za breki na oili.

Ugonjwa mwingine wa Pwani ni gesi ya kiyoyozi. Kwa vile huku kiyoyozi hakilali, watu hujaza gesi mara kwa mara, na fundi wa mtaani hutia oili aliyonayo. Kompresa ya umeme inahitaji oili yake maalumu isiyopitisha umeme, kwenye kompresa za kampuni ya Denso huandikwa ND-OIL 11. Oili ya PAG ya magari ya kawaida, hata kiasi kidogo kilichobaki kwenye mabomba ya geji, huvunja kinga ya waya za mota ndani ya kompresa. Gari husoma msimbo P0AA6, yaani umeme unavuja kwenye bodi, na siku hiyo haliwaki. Umeingia kutafuta baridi, umetoka na kompresa ya kununua. Muulize fundi oili gani anatia kabla hajafunga geji. Akijibu kwamba zote ni sawa, mshukuru uende zako.

Mengine yapite haraka. Betri ndogo ya volti 12 ikilala gari haliwaki hata kama ile kubwa imejaa, na wengi huuziwa betri kubwa bure kwa kosa hili. Pima ndogo kwanza, ikiwa chini ya volti 12 ndiyo mshukiwa. Kwa sababu iko ndani ya gari, iwe ya aina ya AGM, iliyozibwa isimwage tindikali, yenye bomba la kutolea hewa nje. Unaweza kuamshwa kwa nyaya na gari jingine, lakini wewe usimwamshe mwenzako kwa haibridi yako. Breki zinadumu sana, ila kwa kutotumika kwa nguvu diski hupata kutu ya chumvi na pini za kalipa hukwama. Ziondolewe na kupakwa grisi kila mwaka. Maji ya kupozea inveta yana chombo chake peke yake na pampu yake ya umeme. Oili ya gia boksi kwenye Toyota ni ATF WS. Usimwamini anayesema haibadilishwi maisha yote.

Mafuriko ni habari tofauti. Novemba 2023 na masika yaliyofuata yalionyesha jinsi mitaa ya kisiwani inavyojaa kwa nusu saa. Betri iliyo chini ya kiti hulowa kabla ya injini. Maji yakipita kizingiti cha mlango, zima, usijaribu kuwasha, livutwe juu ya gari la kubeba. Na uulize bima yako kwa maandishi kama betri ya haibridi imo kwenye mafuriko. Betri iliyochoka kwa umri hakuna bima inayoilipa.

Kuhusu aina, sina mengi. Aqua na Fielder ndizo zenye spea na mafundi, basi. Fielder ina nafasi ya mizigo na ndiyo ningeipa kazi ya familia. Prius ya kizazi cha tatu haiingizwi tena kwa umri wake. Zilizopo ni za ndani, na injini yake ina tabia ya kuziba njia za EGR, zinazorudisha moshi ndani ya injini, na kuunguza gasketi ya silinda hedi, kwa hiyo bei yake ya chini ina sababu. Note e-Power ni tamu mjini, magurudumu yanazungushwa na mota peke yake na injini ya CC 1200 ni jenereta tu, lakini kwenye barabara kuu petroli kugeuzwa umeme na umeme kugeuzwa mwendo kunapoteza sehemu yake njiani. Na Honda Fit na Vezel za kizazi kile cha 2013 zina gia boksi ya klachi mbili. Kwenye kujongea kwa hatua mbili mbili, betri ikiwa chini, klachi hiyo inateleza kama dereva wa gari la mkono anayebalansi mlimani, na inapata joto. Honda iliyaita magari ya Fit ya haibridi yarudi kurekebishwa mara kadhaa Japani mwaka 2013 na 2014 kwa matatizo ya sehemu hiyo. Ya miaka ya mwisho ni bora. Bado, kwa mtu wa Likoni nisingeipendekeza.

Ukishachagua, nenda kuliona gari asubuhi kabla halijawashwa. Injini ikiwa ya moto umekuta mtu ameficha kitu au ameichaji betri. Beba kifaa cha OBD cha bluetooth, kinachosoma kompyuta ya gari, na programu kama Dr. Prius au Hybrid Assistant kwenye simu. Washa kiyoyozi, endesha dakika ishirini, ukanyage mafuta kwa nguvu mara tatu mahali salama, na uangalie tofauti ya volti kati ya jozi za moduli: zikiwa tulivu tofauti iwe pungufu ya 0.3, na chini ya mzigo isikaribie volti 1. Angalia joto la betri na kama jozi moja inaachwa nyuma kila mara, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayokufa. Fungua chombo cha maji ya inveta gari likiwa limewashwa, dashibodi ikiandika READY. Maji yawe yanazunguka, yakitulia pampu imekufa. Vuta mkanda wa kiti cha nyuma mpaka mwisho utafute mstari wa matope, inua zulia la buti uone kutu. Chomeka skani usome hata makosa yaliyohifadhiwa, kwa maana taa hufutwa asubuhi ya mteja. Linganisha kilomita na karatasi ya mnada wa Japani.

Kazi yote hiyo ni ya saa moja. Muuzaji asiyetaka gari lisomwe kabla ya arbuni, mwachie gari lake. Ukitaka kulichukua hivyo hivyo, toa laki moja na nusu ya betri kwenye bei kwanza.